Bajia za Vitunguu Siku za Mvua: Maji ya Kitunguu na Amana ya Mafuta

Msomaji wa Pwani akisikia neno bajia, mawazo yake hayaendi mbali. Yanakwenda kwenye kunde zilizorowekwa usiku kucha, zikatolewa maganda, zikasagwa pamoja na thomu, tangawizi na pilipili, zikakaangwa alasiri, na kando yake kibakuli cha chatini ya nazi. Hizo ndizo bajia tulizokuzwa nazo, na futari ya Mombasa bila ya hizo huwa kama ina pengo.

Lakini panda basi pale Mwembe Tayari, ufike Nairobi, kisha ushike njia ya Thika. Utaona kwamba jina ni lile lile, lakini kilichomo ndani ni kingine. Hapo Ruiru ukiagiza bajia utaletewa viazi, vimekatwa duara nyembamba, vimevikwa unga wa manjano wenye majani ya kotmiri. Songa mbele mpaka Thika, ukaribishwe katika nyumba ya Wahindi siku ya mvua, utakutana na bajia za namna ya tatu: vitunguu maji vilivyokatwa kama nyuzi, vikashikanishwa na unga wa dengu kidogo tu, vikakaangwa mpaka vikawa kavu, vya kulia menoni.

Bajia hizi za tatu ndizo nilizokusudia kuzizungumza leo. Kuzipika si kazi kubwa, na nitaeleza namna yake hatua kwa hatua. Lakini ndani yake mna jambo ambalo kila Mwislamu wa Pwani anayefanya kazi bara hulipambana nalo kila siku anapohisi njaa, nalo ni swali la mafuta: yamekaanga nini kabla ya hiki ninachopewa?

MJI WA MVUA NA BARIDI

Ruiru na Thika ziko katika kaunti ya Kiambu, juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,500. Mtu aliyezoea joto la Kibokoni au Majengo akifika huko mwezi wa Aprili, masika yamepamba moto, atajua maana ya mvua ya bara. Haiji ikapita kama manyunyu yetu ya kusi. Hukaa. Na ikisha kuondoka, miezi ya Juni, Julai na Agosti huingia baridi ya mawingu ambayo jua lake hulioni mpaka saa saba ya mchana. Katika hali kama hiyo mwili wenyewe hudai kitu cha moto, chenye mafuta na pilipili, na gilasi ya chai ya maziwa yenye tangawizi.

Wahindi walifika huko kwa njia ya reli. Sote tunajua kwamba wafanya biashara wa Kigujarati walikuwa wakifika Mombasa, Lamu na Unguja kwa majahazi ya msimu tangu zamani sana. Lakini bara walipanda na reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na ziwani Kisumu mwaka 1901. Zaidi ya watu 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa kazi hiyo. Wengi walirudi kwao, wengine walikufa, na baadhi walibaki. Nyuma ya reli wakaja wenye maduka. Tawi la reli lilipofika Thika mwaka 1913, maduka yalikuja nayo: duka mbele, nyumba nyuma, na katikati uwanja mdogo wenye mfereji wa maji na jiko la makaa.

Miongoni mwao wamo Mabohora, Makhoja na Waislamu wengine wa Kihindi, wamo Mabaniani wa madhehebu mbali mbali, na wamo Waoshwali wanaofuata dini ya Kijaini, ambao asili yao ni vijiji vya upande wa Jamnagar huko Gujarat. Hao ndio waliokuja na unga wa dengu na karai la chuma. Sisi wa Pwani neno bajia tulikwisha kulipokea kutoka kwao zamani, tukalitia kunde zetu, tukasahau lilikotoka.

WENYE KULA KITUNGUU NA WASIOKULA

Mimi nilikwenda kuishi Ruiru mwaka 2009, wakati barabara kuu ya Thika ilipokuwa imefumuliwa yote ikipanuliwa. Ilikamilika mwaka 2012, na mpaka hapo tulikula vumbi na kukanyaga matope kwa zamu. Kazi yangu ilikuwa ukarani katika duka moja la Thika. Mama yake mwenye duka, mjane wa makamo ya bibi yangu, alikaa nyumba ya nyuma. Wote tukimwita Ba, kama Wagujarati wamwitavyo mama, na yeye akiniita beta, yaani mwanangu. Mvua ikinyesha kwa nguvu wateja hawaji, na hapo Ba alikuwa akigonga sufuria kwa mwiko kutuita tukanywe chai.

Nilichokiona katika jiko lake kilinifungua macho. Jirani zake walikuwa Waoshwali wenye kushika sana dini yao, na Mjaini mwenye kushika hali kitunguu, hali thomu, hali kiazi wala karoti. Sababu yao ni kwamba mmea wa namna hiyo hauliwi ila ung'olewe na mizizi, ukafa wote, na pamoja nao vikafa viumbe vidogo vilivyomo udongoni. Ba mwenyewe alikuwa Mhindu wa kabila jingine, na kitunguu alikula. Lakini hata yeye alikuwa na miezi minne ya kukiacha, miezi ambayo huko kwao India ndiyo ya mvua kubwa, tangu kiasi cha Julai mpaka Oktoba au Novemba.

Hapo ndipo palipo na ajabu. Huko India bajia za vitunguu ni chakula cha mvua, na miezi yenyewe ya mvua ndiyo ambayo washika dini wengi hukiacha kitunguu. Huku kwetu masika hunyesha Machi mpaka Mei, kabla ya miezi hiyo kuingia. Ba alikuwa akicheka akisema kwamba mvua ya Thika ina huruma, inanyesha wakati wa ruhusa.

Na sisi Waislamu tusione hayo kuwa mageni. Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alimwambia aliyekula thomu au kitunguu akae mbali na msikiti, kwa ajili ya harufu. Na Sayyidna Umar alihutubu siku ya Ijumaa akawaambia watu kwamba mwenye kutaka kuvila, basi avipike mpaka harufu yake ife. Kwetu sisi kitunguu si haramu. Ila kina adabu yake. Na kitunguu kilichokaangwa kikakauka kimekwisha kutiwa adabu. Mtu hula bajia zake alasiri, akasukutua, akenda zake kuswali Magharibi bila ya kumuudhi mwenziwe safuni.

VIFAA

Kwa watu wanne au watano, twaa vitu hivi:

Vitunguu maji vyekundu vinne vikubwa, kiasi cha nusu kilo.
Unga wa dengu kikombe kimoja, lakini usiutie wote kwa pamoja.
Unga wa mchele vijiko viwili vya mezani.
Chumvi kijiko kimoja cha chai.
Pilipili mbichi mbili au tatu, zikatwe ndogo ndogo.
Kipande cha tangawizi, kiparwe.
Kotmiri, kiganja kimoja, ikatwe.
Bizari nyembamba kijiko cha chai, na bizari ya manjano robo kijiko.
Ajwani nusu kijiko cha chai, isuguliwe kwa viganja. Hii huuzwa katika maduka ya Wahindi, na kazi yake ni kuondoa gesi tumboni.
Mafuta ya kukaangia, ya kutosha karai.

Hapa pana mtego wa lugha, na mgeni wa Pwani hunaswa nao. Kwetu dengu ni dengu. Huko Thika na Ruiru ukisema ndengu, watu wataelewa zile punje za kijani ambazo sisi Mombasa twaziita pojo. Unga wake hautakufaa. Unaoutaka ni ule wa manjano hafifu, uliosagwa kwa dengu za Kihindi zilizobanguliwa, ambazo wenyewe huziita chana. Sema “unga wa bajia” na mwenye duka atakupa bila ya maneno mengi.

Vitunguu navyo vichague. Vile vilivyotoka shambani juzi, maganda yake yangali mabichi, vina maji mengi mno. Twaa vilivyokaushwa vizuri, ganda likivunjika kama karatasi. Vingi vinavyouzwa masokoni Kenya hutoka Tanzania, hasa upande wa Karatu, na husifiwa kwa ukali wake.

NAMNA YA KUPIKA

Menya vitunguu, vipasue nusu kwa nusu, kisha vikate vipande vyembamba kufuata urefu wake, toka kichwani hadi mzizini. Visiwe vinene, wala visiwe vyembamba hata vikayeyuka. Vitie katika bakuli pana, vinyunyizie chumvi, uvifikiche kwa mkono mpaka vianze kuachana. Sasa viache dakika kumi au robo saa. Usiviguse.

Ukirudi utakuta vimelegea na chini ya bakuli pana maji. Chumvi imeyavuta. Hayo ndiyo maji ya bajia zako, na hakuna mengine. Ba alikuwa akinizuia mkono kila nilipoukaribia mfereji: “Hapana tia maji, beta. Kitunguu iko na maji yake.”

Tia sasa pilipili, tangawizi, kotmiri, bizari zote mbili na ajwani, uchanganye. Kisha nyunyiza unga wa mchele, na unga wa dengu kidogo kidogo, huku ukigeuza kwa vidole, mpaka kila uzi wa kitunguu uwe umevaa unga kama mtu aliyevaa kanzu nyepesi, si koti la baridi. Ukiona vitunguu vinashikana vikishikwa na kuachana vikiachwa, basi. Kama umebakisha unga kikombeni, ubakize. Ukiona rojo linachuruzika, jua kwamba unga na maji vimezidi kitunguu, na utakachokaanga ni andazi la dengu.

Pasha mafuta katika karai. Yakisha kupata moto, chota kijiko kimoja cha mafuta hayo ya moto, uyamwage juu ya vitunguu vyako, ukoroge upesi kwa mwiko. Hii ni siri ya pili ya ukavu. Kisha jaribu kwa uzi mmoja: ukitumbukia, ukazama kidogo na kuibuka pale pale ukitoa povu, moto ni wa kadiri. Ukikaa chini, mafuta ni baridi na bajia zitayanywa. Ukiungua mara moja, punguza moto.

Tia kwa vidole, mafungu madogo yaliyotawanyika, usiyafinyange yakawa matonge. Nchani mwa kila fungu nyuzi ziachwe zichomoze. Katika Maharashtra, upande wa Bombay, bajia hizi wana jina wanaloziita ambalo maana yake ni bajia za kaa, kwa sababu zile nyuzi hutoka kila upande kama miguu ya kaa. Sisi wa Pwani jina hilo hatuhitaji kufasiriwa.

Usijaze karai. Mafungu matano au sita yatosha, kwani ukijaza, mafuta hupoa na kazi yote huharibika. Zigeuze mara moja au mbili, kiasi cha dakika nne, mpaka ziwe rangi ya dhahabu iliyokoza. Zitoe kwa kijiko cha matundu, uzieneze juu ya wavu au chekeche la waya. Usizirundike katika sahani, wala usizifunike kawa zingali moto, maana mvuke wake wenyewe utazilowesha, na zilizokuwa kavu zitakuwa tepetepe kabla hujamaliza kumwaga chai.

Siku za mvua zina sharti moja zaidi. Unga wa dengu hunywa unyevu wa hewa ukafanya madonge, basi uuchunge kwanza, na ukipenda uupitishe kidogo juu ya kikaango kikavu. Wala usichanganye mapema ukasubiri wageni. Kitunguu chenye chumvi hakiachi kutoa maji. Changanya wageni wakisha kuvua viatu.

Za kuchovea, Ba alitumia ukwaju na sukari guru. Mimi husaga nazi, kotmiri, pilipili na ndimu. Nazi huko bara ni ghali kwa sababu hutoka kwetu, lakini kuna ladha ambazo mtu hazipimi kwa bei.

UTARATIBU WA KARAI

Sasa nije kwenye lile swali la mafuta. Siku zote nilizosimama jikoni kwa Ba niliona akifuata utaratibu mmoja asiouvunja. Mafuta mapya yakisha kupata moto, kwanza alikaanga bajia za ndizi mbichi na za majani ya uwatu, zisizo na kitunguu wala thomu. Alizitia katika sahani yake, akampelekea jirani yake Mjaini. Baada ya hapo ndipo vitunguu vilipoingia. Kamwe hakuanza na vitunguu. Na katika karai lile nyama wala yai havikupita tangu lilipoletwa na bwana harusi wake.

Jirani hakuwapo jikoni kuangalia. Hakuwa na njia ya kujua ni kipi kilichotangulia. Alikula kwa kumuamini Ba, na Ba alilijua hilo. Sisi jambo la namna hiyo twaliita amana.

Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, nami nilipika bajia zetu za kunde nikampelekea, kwani mla cha mwenzio na chako huliwa. Aliitazama sahani, akaniuliza kwa upole: “Beta, mafuta hii ilipika samaki?” Nikamjibu, “Mapya, Ba, na karai nililiosha kwa majivu na ndimu.” Akala mbili, akaomba nimweleze kunde huondolewaje maganda. Swali lake halikuniudhi hata chembe. Lilikuwa ni swali langu mwenyewe, nililokuwa nikiwauliza watu kila siku kule Ruiru.

Maana Ruiru ya leo imejaa vibanda vya chipsi na bajia kila kona. Thika yenyewe ni mji wa mafuta ya kupikia: kiwanda cha Bidco, kilichoanzia Nyeri, kilihamia Thika mwaka 1991. Mafuta yenyewe ni ya mimea, na mwanzoni hayana tatizo. Tatizo ni yanakopitia. Katika kibanda kimoja, karai moja hukaanga viazi, kuku asiyejulikana amechinjwa na nani, na soseji, na nyama ya nguruwe huko ni kitoweo cha kawaida. Bajia ya kiazi haina nyama ndani yake, lakini imeoga mle mle. Nilipata kumuuliza kijana mmoja wa kibanda, naye akanijibu bila ya kuficha: “Mama, hapa zimepita soseji za nguruwe asubuhi. Ngoja nikuwekee sufuria nyingine.” Akaweka, nikangoja nusu saa katika mvua chini ya turubai, nikala kwa moyo mweupe.

Nasema haya kwa sababu wako wenzetu wanaofika huko wakaona haya kuuliza. Wengine hula kwa shaka, na wengine huacha kula na jirani zao kabisa, wakajifungia. Yote mawili si mazuri. Katika chakula kisicho na nyama mlango ni mpana, na anayeuliza kwa heshima hujibiwa kwa heshima. Mjaini anauliza, Mhindu anauliza, Mwislamu anauliza. Muuzaji aliyekwisha kuulizwa mara kumi atanunua karai la pili, na vibanda vyenye karai mbili nimeviona vikiongezeka.

ZILIKOFIKA

Wahindi wengi wa Kenya waliondoka kati ya mwaka 1967 na 1968, zilipopitishwa sheria za uhamiaji na za leseni za biashara, wakakimbilia Uingereza kabla ya mlango wa huko kufungwa. Bajia zao zilikwenda nao. Bajia za viazi za jamaa wa Maru, zilizojipatia jina Nairobi, zinauzwa London upande wa Wembley tangu miaka ya 1970, na huko huitwa chakula cha Kenya. Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwatambua rasmi raia wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 la nchi. Wakati huo wengi wa vijana wao wa Thika walikwisha kuhamia Nairobi au ng'ambo.

Ba naye alichukuliwa na wanawe kwenda Uingereza. Kabla ya kuondoka, karai lile hakulitia sandukuni. Alimpa mwanamke wa Murang'a aliyemsaidia jikoni kwa miaka mingi, na sharti lake likawa moja tu. Mama huyo sasa hukaanga kwa kuuza, hapo hapo Thika, jioni za mvua. Huanza na ndizi mbichi, kisha vitunguu. Wateja wake ni Wakikuyu, Wasomali, Wahindi waliobaki, na sisi tuliotoka Pwani. Nyama haiingii, na hakuna anayehitaji kumuuliza.

Basi bibi unayesoma haya Mombasa, Malindi au Lamu, masika yakija jaribu bajia hizi. Ukiwa na jirani asiyekula kitunguu, anza na ndizi. Ukiwa na asiyekula samaki, badilisha mafuta. Na chumvi ikisha kuingia, mkono wako uweke mbali na mfereji.